Vigingi Nilivyopigilia Katika Wimbi la Mama Kiplangat

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili msije mkafika katikati mkaanza kunihurumia, maana mimi nina kipaji cha kujieleza. Ni langu lote, la mikono hii miwili na la mdomo ulionyamaza ulipotakiwa kusema. Bwana mhariri amekubali kulificha jina langu, nami namshukuru. Wanaonijua watanitambua tu, basi na wanitambue.

Mimi ni mtu wa upande wa ziwa. Nilisomeshwa misheni, nikaja huku Kericho kufanya ukarani kwenye shamba la chai. Kazi yangu ilikuwa ya kitalu: kuhesabu miche, kutoa vigingi, kupima mistari.

Ninyi mnaokunywa chai tu hamjui mambo ya vigingi. Kabla mche haujapandwa, karani hupita na kamba na fimbo ya kupimia, akapigilia kigingi kila baada ya futi nne, na juu ya kigingi akafunga kitambaa chekundu. Wachimbaji wakija, penye kigingi wanachimba shimo. Hawaulizi ni la nini wala limeagizwa na nani. Kwenye shamba letu kigingi chenye kitambaa chekundu kilikuwa amri kamili, na aliyekiona akakipita hakuandikiwa kazi ya siku ile.

Sasa niwaeleze habari za Bwana wetu, meneja wa shamba. Alikuwa amepigana vita vikuu, na huko vitani alifundishwa kutembea kwa dira na ramani. Tangu hapo hakupata furaha nyingine duniani. Wenzake walikunywa, wengine waliwinda, yeye alikuwa na dira.

Mwaka ule baada ya nzige kupita, alitangaza kwamba atachagua watu kumi na wawili awafundishe kazi hiyo wiki nzima. Jumatatu mpaka Ijumaa mazoezi, Jumamosi mashindano. Mshindi atakuwa msaidizi wa mpimaji wa mashamba mapya ya kuelekea Sotik. Atapewa nyumba ya bati, kofia ya kaki, na ruhusa ya kuweka ng'ombe sita kwenye ardhi ya shamba.

Mimi niliitaka kofia. Ndiyo, kofia! Ng'ombe sikuwa na hata mmoja, na nyumba ningeipata pole pole. Lakini nilikwisha kujiona nimeivaa, nimesimama juu ya kilima, nanyoosha kidole mahali fulani.

Rafiki yangu Kiplangat aliwataka hao ng'ombe sita. Alikuwa Mkipsigis, mwendeshaji wa mikokoteni ya maksai, na tulilala nyumba moja kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi. Mama yake alikaa ng'ambo ya kijito, juu ya chemchemi, na ng'ombe watano, ndama mmoja na shamba lake la wimbi, ile nafaka ya uji, kwa ruhusa ya meneja wa zamani. Mwaka ule ikatoka amri kwamba mifugo ya watu wasio na cheo iondoke yote mvua zikiisha. Kiplangat aliniambia jambo hilo mara moja tu, akiwa anavua viatu.

"Karani, nikishinda hii kitu, mama anabaki. Nikishindwa, tunaenda Chebunyo."

Chebunyo ni mbali, na mama yake alikuwa amemzika mume wake pale pale juu ya chemchemi. Nilimwambia atashinda, bila shaka. Kisha nikageukia ukutani nikaendelea kufikiria kofia.

Jumatatu tulifundishwa kaskazini. Bwana alitupanga mbele ya stoo, akampa kila mtu dira, akatuamuru tutazame sindano na tusitazame kitu kingine chochote. Tukatii! Wanaume wazima tukaenda kaskazini macho viganjani, tukatumbukia mmoja mmoja kwenye mtaro wa maji, na aliyekuwa nyuma hakujua kwa nini aliyekuwa mbele amekuwa mfupi. Kiplangat peke yake aliuruka mtaro. Bwana akamgombeza kwa kutazama chini.

Jumanne ilikuwa ya kuhesabu hatua. Unahesabu kwa sauti, hatua mia tano kwenda mashariki, unaandika ulichokikuta. Aliyeumia siku hiyo ni Kamau, mpishi wa Bwana, mtu wa kutoka upande wa Nyeri, mpole na mwenye adabu. Kila alipofika mia mbili au mia tatu alikutana na mtu njiani, mtu akamsalimu, na Kamau si mtu wa kumpita mwenzake bila kumwuliza habari za nyumbani na za watoto. Akimaliza salamu, hesabu imepotea. Anarudi mwanzo. Alisalimiwa kutwa nzima, na jua lilipotua alikuwa bado yuko mbele ya stoo, amechoka kabisa.

Jumatano ramani. Hizo ramani nilizinakili mimi mwenyewe, moja moja, na nilijivunia sana. Kiplangat aliigeuza yake huku na huku, kisha akauliza kwa upole kilima kimekwenda wapi. Kilima gani? Akanyoosha mkono dirishani. Kweli bwana, kilima kizima nilikisahau, kwa sababu mahali pake mezani ndipo nilipoweka kidau cha wino! Bwana akachukua darubini, akakitazama, akakasirika kana kwamba kilima ndicho kilichokosa. Akatuamuru tusikipande mpaka kitakapoandikwa.

Alhamisi tulikimbia kwenye mvua. Wino ukayeyuka, tukarudi na karatasi nyeupe na mikono ya buluu. Kiplangat alitangulia wote, na ramani yake ilikuwa kavu kwa sababu hakuifungua. Kamau hakurudi. Alirudi Ijumaa asubuhi juu ya mkokoteni wa mahindi uliotoka Sotik, akatuambia ameifuata sindano kwa uaminifu wote. Ila alikuwa ameufuata mkia wake.

Tulicheka siku ile mpaka mbavu zikauma. Mimi nilicheka kuliko wote, na wakati nacheka nilikuwa namwangalia Kiplangat, najua kabisa kwamba kesho atanishinda.

Maana niwaambie, tayari nilikuwa na hila mkononi. Ijumaa hiyo hiyo asubuhi Bwana alipeleka vigingi vitano vya mashindano, kila kimoja na kitambaa chekundu na kopo la tumbako lenye vikaratasi vya rangi yake. Unakitafuta kigingi, unachukua kikaratasi, unakwenda kingine. Aliyezinakili ramani za Jumamosi ni nani? Ni mimi. Vyote vitano nilivijua vilipo! Mtu mwingine angeridhika na wizi wa namna hiyo.

Lakini kigingi cha nne kiliwekwa kwenye chemchemi, chini kidogo ya shamba la mama yake Kiplangat. Pale angekwenda amefumba macho. Roho yangu ikaoza. Nikawaza: nikitia vigingi vingine vya uongo mle shambani juu ya chemchemi, Kiplangat atapoteza muda kukagua kimoja kimoja akitafuta chenye kopo. Mimi nitakuwa nimekwisha pita.

Mchana ule, manyunyu yakiwa yamewaingiza watu ndani, nikabeba mafungu mawili ya vigingi begani na vitambaa mfukoni nikavuka kijito. Nia yangu ilikuwa kuvitawanya ovyo. Nikapigilia cha kwanza ndani ya wimbi. Nikapigilia cha pili. Nikavitazama, vimekaa upande upande, aibu tupu. Jamani, mkono wangu ulikataa! Miaka minne ya kupima mistari si mchezo. Nikaving'oa, nikatoa kamba, nikatoa fimbo yangu ya futi nne. Nilikwenda kufanya uovu nikaishia kufanya kazi.

Mama yake Kiplangat akatoka ndani, amejifunika gunia kichwani kwa ajili ya manyunyu. Akanisalimu, akanitazama nikihangaika na kamba inayolegea kila upande. Hakuona ajabu, kwake yeye karani alikuwa mtu wa kupima vitu. Akauliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya mashindano ya kesho.

"Hii ya Kiplangat?"

"Ndiyo, mama."

"Lete mimi nishike huko mwisho. Wewe peke yako haitakuwa sawasawa."

Akashika! Mama wa rafiki yangu alishika ncha ya kamba, akatembea ndani ya wimbi lake akiinua miguu asilivunje, mstari baada ya mstari, na kila ulipopinda kidogo aliniambia niurudishe. Aliuliza kama vigingi vitadhuru wimbi, maana lilikuwa limebakiza wiki mbili au tatu livunwe. Nikamwambia hapana, Jumatatu nitaving'oa mwenyewe. Hilo sikudanganya. Nilikuwa na nia hiyo kabisa.

Mafungu mawili yalipokwisha tulikuwa tumemaliza nusu ya shamba. Akanikaribisha ndani, akanipa mursik, yale maziwa yake ya kibuyu yenye mkaa. Nilikunywa bakuli mbili. Nikamwambia ni tamu.

Jumamosi kulikucha na ukungu. Sisi tulitolewa mbele ya stoo saa moja, Bwana akipuliza filimbi na saa yake mkononi. Saa hiyo hiyo nyapara Ogutu, mtu wa kwetu ziwani, alikuwa anapeleka kundi lake la wachimbaji kwenye mteremko wa mbele, penye visiki na mizizi ya kuvunja majembe. Njia yao ilipita juu ya chemchemi.

Wakaviona vigingi. Mistari imenyooka. Vitambaa vyekundu. Futi nne kamili. Na udongo, ndugu zangu, udongo uliokwisha limwa na mwanamke yule kwa miaka mingi, laini kabisa! Nyapara hakuuliza. Nani angeuliza? Mama akawaambia ni vya mashindano, wakamwonyesha vitambaa vyekundu. Wakakata wimbi, wakalirundika pembeni, wakaanza kuchimba. Walipofika katikati ya shamba wakaona vigingi vimekwisha, nyapara akasema karani amekuwa mvivu, akatoa vigingi vyake mwenyewe akaendeleza mistari yangu mpaka mwisho.

Hayo mimi sikuyajua. Nilikuwa nakimbia. Kigingi cha kwanza nilikifikia mapema, cha pili nikamkuta Kamau anamsalimu mtu, cha tatu nikachukua kikaratasi cha manjano nikaona nyayo za Kiplangat kwenye tope, alikwisha kunitangulia. Nikapanda mgongo wa kilima, kile nilichokisahau. Nikiwa juu nikasikia majembe.

Niliposhuka nilimkuta nyapara Ogutu kwanza. Alinipa mkono, akanishukuru kwa kuwaonea huruma watu wake na kuwapatia mahali palipo laini. Kabla ya saa nne wangekuwa wamekwisha kwenda nyumbani. Mashimo yalikuwa yamejaa mteremko mzima, meusi, yamepangana vizuri.

Mama alikuwa amekaa mlangoni, mikono juu ya mapaja. Hakuwa analia.

Kiplangat alikuwa amepiga magoti katikati ya shamba. Alikuwa anayajaza mashimo kwa mikono, moja, anasogea, la pili, na vikaratasi vyake vitatu amevibana mdomoni visilowe. Kopo la nne lilikuwa hatua chache tu chini yake. Angeinuka akachukua kikaratasi, akakimbia, angefika wa kwanza na muda wa kuoga angeupata. Hakuinuka.

Na mimi? Niseme nini mimi! Ningekwenda kwa nyapara nikamwambia simamisha, vigingi hivi ni vya uongo, nimevitia mimi. Maneno hayo hayazidi pumzi moja. Badala yake niliinama nyuma ya rundo la wimbi lililokatwa, nikateremka mpaka chemchemi, nikachukua kikaratasi changu chekundu, nikakimbia. Sijawahi kukimbia hivyo, kabla yake wala baada yake.

Nilishinda. Bwana alinivika kofia mbele ya watu wote, ikashuka mpaka masikioni, nikawa siwaoni wanaonipigia makofi. Akaniuliza kama njiani nilimwona Kiplangat. Nikasema sikumwona.

Adhuhuri Bwana alipanda farasi akaenda kumtafuta, nami nikamfuata kwa miguu na kofia yangu. Akafika juu ya chemchemi akakuta mashimo. Alishuka, akafumba jicho moja, akauangalia mstari mmoja kutoka huku mpaka kule. Akauliza nani amepima hapa. Nyapara, aliyekuwa amefuatana nasi, akanitaja, tena kwa sifa. Bwana akanipa mkono mara ya pili siku ile. Akasema mteremko huo ulikuwa wa mwaka ujao, lakini kwa kuwa mashimo yako wazi na mvua bado ipo, miche ipelekwe Jumatatu.

Kiplangat alikuwa amesimama pale pale. Na Jumatatu ile niliyomwahidi mama yake, nilikaa kitaluni nikahesabu miche ya kwenda kupandwa kwenye shamba lake.

Mnadhani imekwisha? Haijaisha. Jumanne jioni Kiplangat alikuja nyumbani kwangu, nyumba ya bati. Alisimama mlangoni, hakuingia. Akasema mimi nina ruhusa ya ng'ombe sita na sina ng'ombe. Akaniomba nimwambie Bwana kwamba wale wa mama yake ni wangu. Shamba limekwenda, sawa, lakini mama atabaki karibu na kaburi.

Nilimwambia mimi ni Mkristo, siwezi kumdanganya Bwana.

Nilisema hivyo! Kwa mdomo huu! Na wakati nasema niliamini kabisa kwamba dhamiri yangu ni safi upande huo. Kiplangat akasema, "Sawa." Alhamisi walihama, hawakungoja mvua ziishe, ng'ombe mbele, yeye katikati, mama nyuma amebeba vibuyu mgongoni. Nilikuwa kilimani na mnyororo wa kupimia. Niliwaona wakikata kona ya Sotik.

Miaka imepita. Ule mteremko ndio chai bora ya shamba zima. Bwana huwapeleka wageni kuuona, na mimi huitwa nikasimame pembeni nisifiwe mistari yangu. Hunipa kikombe. Siwezi kukimeza, nakishika mpaka kinapoa nakimwaga kichakani wakigeuka. Mtu wa chai asiyeweza kunywa chai! Watu wa laini wanadhani ni ugonjwa wa tumbo, na mke wangu amenichemshia kila jani linalochemka.

Mwaka huu mwezi wa kiangazi niliomba ruhusa, nikaenda Chebunyo kwa miguu siku mbili. Nilimkuta Kiplangat anafunga ua wa boma lake, ng'ombe wamebaki wawili, nchi ile ni kavu. Mama yake bado yu hai, macho yamepungua. Alinishika uso kwa mikono yote miwili akauliza kama nimeoa. Akaenda kunitafutia maziwa.

Nikamweleza Kiplangat kila kitu, ramani, vigingi, kamba, yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa fimbo. Yeye aliendelea kufunga ua mpaka nilipomaliza.

"Hiyo ya vigingi nilijua siku ile ile," akasema. "Mama alisema ni wewe, na kuweka laini sawasawa namna ile, nani mwingine? Nilijua ulitaka kunichelewesha tu. Hukutaka wachimbe."

Nikaanza kulia. Nilidhani amenisamehe.

"Lakini mimi nilikuona ukipita chini, karibu na maji. Nikafikiri unaenda kuita watu, tujaze pamoja. Basi nikaacha kujaza. Nikakaa chini, nikangoja wewe."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Bwana alipofika aliyakuta mashimo yako wazi. Yule mtu alikuwa na asubuhi nzima na mikono miwili mizima, na wachimbaji walikwisha ondoka saa nne. Angeyajaza nusu, Bwana asingeona mistari, asingeona chochote ila mama na udongo wake. Aliacha kwa sababu yangu. Alikaa chini akanitegemea.

Ndugu msomaji, sikukatazi wivu, maana najua hutanisikia. Hila zako utazifanya, na pengine zitakuzidi kama zangu zilivyonizidi. Nakuomba hili moja. Ukipita karibu na mtu uliyemkosea, rudi. Rudi saa ile ile, hata kama umekwisha mpita hatua mia. Usiseme hajakuona. Amekuona, na anakungoja.